Kupe wa Koko Nasieku

Nikiikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, mpaka leo nacheka peke yangu jikoni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Bungoma, nimepanga chumba Kitengela kwenye ploti ya Koko Nasieku. Koko ni nyanya kwa Kimaasai, na sote tulimwita hivyo. Marehemu mumewe alikuwa daktari wa ng'ombe kule Kajiado, akamwachia sanduku la bati lililojaa vitabu. Koko mwenyewe hakujua kusoma. Tukapatana: nimsomee kila Jumamosi alasiri, kisha niazime kitabu kimoja wiki nzima. Kwangu mimi, niliyesoma hata gazeti la kufungia mandazi, sanduku lile lilikuwa sikukuu.

Tulianza na hadithi ya mpelelezi. Nilimtaja muuaji mara nne, na mara zote nne nikakosea. Kitabu cha mapishi kilinitesa, maana kiliniangukia mwisho wa mwezi, mfuko ukiwa mtupu. Ile riwaya ya mapenzi ilinipandisha hasira: dada wa watu anamngoja mwanamume mvivu kurasa mia tatu!

"Huyo msichana hana hata shangazi wa kumwambia?" Koko akauliza, naye amekasirika kunishinda.

Kisha kikaja kitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Mwanangu, nilisinzia. Tena pembeni mwa kurasa marehemu alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi, nami sikujisumbua nazo. Nikajiambia, nyanya asiyejua herufi atajuaje? Akili nyingi huondoa maarifa. Nikaruka kutoka homa hadi maziwa, kwa sauti tamu isiyo na haya.

Koko akaacha kutunga shanga.

"Mwalimu, kupe wako wapi?"

"Kupe gani, Koko?"

"Ndani ya hiyo kitabu iko kupe. Homa ikiisha, kupe. Mzee alinisomea yote, mara mingi. Wewe umeruka."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye kupe. Koko akafunga sanduku, ufunguo akaufunga kwenye pindo la shuka lake.

"Kama hutaki kupe, hata hizo zingine wacha," akasema, akaingia ndani.

Niliumia, sikufichi. Wiki hiyo nilisoma maandishi ya pakiti ya unga mpaka nikayakariri. Jumamosi iliyofuata nilienda nikamwinamishia kichwa, kama watoto wa huko wanavyowaamkia wazee, ingawa nilikuwa mtu mzima na mshahara wangu. Akaniwekea mkono utosini.

"Koko," nikasema, "naomba kupe."

Nikasoma kila mstari, safari hii pamoja na penseli. "Nasieku anasema kupe huyu anafanana na shemeji yangu. Ni kweli." Nikashindwa kuendelea kwa kicheko. Ukurasa uliofuata: "Nasieku ameunguza chai kwa sababu ya sura hii. Tumeinywa hivyo hivyo." Koko alikuwa akicheka na machozi yakimtoka, akiyatamka maneno hayo pamoja nami, asikosee hata moja.

"Umeona?" akasema. "Mimi niko ndani ya hiyo kitabu. Ukiruka kupe, umeniruka mimi."

Kwa hivyo, mwanangu, soma upendacho, na usichopenda kigombeze, kitabu hakinuni. Lakini usiruke kwa dharau, hasa unapomsomea mwenzako. Mdharau mwiba mguu huota tende, na hujui ni ukurasa gani umebeba mpenzi wa mtu.

Mungu akupe macho yasiyochoka, na mtu wa kukusikiliza atakayejua ukiruka. Wazee wa Kimaasai wakibariki, anayebarikiwa huitikia "Naai". Haya, itikia, kisha uniletee miwani. Koko aliniachia sanduku, na leo tumefika sura ya minyoo.