Vile mtoto wa ndugu yangu alikuwa anakosa swali la motor kila mara, na la generator anapata

Wakuu, hamjambo huko mliko. Huu uzi ni wa wale wako na mtoto Form Four anayefanya physics. Sitaongeza chumvi, naandika vile ilikuwa.

Mimi ni mama wa ofisi hapa Meru town. Kabla nipate hii kazi nilifundisha physics kwa shule ya day, kwa hivyo kila likizo familia hunitumia watoto. Nimezoea.

Ndugu yangu ni mkulima wa kahawa huko Githongo. Msichana wake, Kendi, anataka kusomea electrical tangu akiwa mdogo. Lakini physics ilikuwa inamletea D, na baba yake akasema wazi kwamba mtihani wa mock ukija vile vile, hiyo story ya electrical iishe, aende catering. Ndugu yangu si mtu wa kubembelezwa.

Likizo ya April Kendi akaletwa kwangu. Chakula hali, anazungusha tu kijiko. Nilimhurumia sana.

Tukaanza na mechanics. Formula zote alikuwa nazo kwa kichwa, shida ilikuwa kuchagua.

Wanafunzi mnaosoma hapa, sikizeni. Angalia swali limekunyima nini. Halijataja distance? v = u + at. Halijataja time? v² = u² + 2as. Halijakupa final velocity? s = ut + ½at². Usiandike zote ukingoja moja ikubali, huko ni kurusha mawe kwa mti wa avocado ukiwa umefunga macho.

Na F = ma, hiyo F ni ile inabaki ukishatoa friction. Wengi huangukia hapo.

Electricity nayo, V = IR alikuwa anaijua kwa ile pembetatu ya kufunika na kidole. Sawa. Lakini cell ikiwa na internal resistance, bado anafunika na kidole. Nikamwambia hapo ni E = I(R + r), na r ndogo haina kiti kwa pembetatu yako. Akacheka kidogo. P = VI na P = I²R hazikumsumbua.

Sasa magnetism.

"Auntie, hii ya motor mimi huruka," akaniambia.

"Unaruka swali lote?"

"Siku hizi lote. Hata nikijaribu napigwa X."

Nikamwambia alete paper zake za zamani. F = BIL, hesabu iko sawa. Transformer, turns na voltage, sawa. Generator, current inaenda upande gani, sawa. Lakini motor, waya inasukumwa upande gani, X. Paper ingine, X. Na si kukosea ovyo. Kila mahali jibu lilikuwa limegeuka kabisa, juu ikawa chini.

Mtu ambaye hajui hukosea huku na huku. Huyu alikuwa anakosea upande mmoja tu, na hiyo ilinikera kwa sababu mwalimu yeyote angeiona.

Nikamuuliza rule ya motor ni gani. Akajibu bila kufikiria, "Fleming's left-hand, auntie. Kidole gumba ni force, cha pili field, cha kati current."

"Haya nionyeshe."

Akainua mkono wa kulia.

Nikamwambia, "Kendi, umesema left."

Akaangalia huo mkono. Akajaribu kuinua wa kushoto, ukafika usawa wa meza akaurudisha. "Siwezi kukuonyesha na kushoto, auntie. Ni madharau."

Wakuu, hapo nikaelewa. Kendi huandika na kushoto. Na amelelewa na mama yangu, ambaye kikombe ukimpa na kushoto hapokei, na ukirudia unachapwa kidole. Sisi wote tulilelewa hivyo. Kwa hivyo kalamu inakaa kushoto, lakini kitu cha kuonyesha mtu ni kulia.

"Na kwa mtihani, unaonyesha nani?"

"Mkono inaenda yenyewe."

Generator hutaka mkono wa kulia, ndio maana hakuikosa hata siku moja.

Likizo iliyobaki tulifanya kitu kimoja. Kalamu chini, mkono wa kushoto juu, mbele yangu, ananiangalia machoni. Mara ya kwanza alilia. Nilimwacha alie, kisha tukaendelea.

Mock ilikuja C plus. Ndugu yangu akapiga simu, akaniuliza kama nina uhakika hakuiba mtihani. Nikamwambia aache upuzi. Mtihani wenyewe wa KCSE akapata B, na sasa yuko chuo huko Embu anasomea electrical.

Funzo langu: mtoto akikosea kitu kimoja kwa njia moja kila mara, usimuongezee homework. Kaa naye, mwambie afanye ukimwangalia. Yule mtoto alipigwa X miaka miwili na hakuna mtu aliyeangalia mikono yake, hata mimi, na nilikuwa namwona kila Krismasi.

Mama yangu anasifu huyo mjukuu kanisani kila Jumapili. Hajui nini ilikuwa inamkosesha, na mimi sijapata roho ya kumwambia. Nyinyi mngemwambia? Na wale mko na mtoto wa kushoto kwa nyumba, mnamlea aje? Andikeni, nasoma zote.