Maumivu ya Mguu Usiokuwepo

Fundi cherehani huyu watu walimwita Sentimita, kwa sababu kipimo hakikumtoka shingoni hata akienda msibani. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wa kulia ndio uliofanya kazi kubwa. Ndio huohuo uliokatwa chini ya goti, baada ya kidonda cha kisukari kukataa kupona hadi kikaingia mfupani.

Hospitalini walimpa mofini, na maumivu ya kukatwa yakatulia. Kovu likafunga vizuri. Aliporudi nyumbani ndipo yalipoanza mengine. Vidole asivyokuwa navyo vilijikunja na kuungua, kana kwamba mtu anavisokota ndani ya makaa. Aliteremsha mkono kujikuna kisigino, akashika shuka. Aliona haya kusema. Mkewe alipouliza, alijibu kwamba ni kovu linavuta.

Aliyemtoa maneno ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Magoti ya dada huyo yalivimba kwa baridi yabisi, lakini kila asubuhi alichechemea kutoka mtaa wa pili kuja kumjulia hali. Alimsikiliza hadi mwisho, wala hakucheka. Kisha akafungua mkoba, akatoa vidonge vyake vya magoti.

"Mimi hivi ndivyo vinavyonisimamisha," alisema. "Meza, mdogo wangu. Maumivu ni maumivu."

Havikumfaa kitu. Ila hakutaka kumvunja moyo, akasema vinapunguza. Basi dada akazidi kumgawia, naye akazidi kumeza, kwanza kwa heshima, baadaye kwa kukata tamaa, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Dada mwenyewe akawa anarudi kwake akishikilia kuta.

Siku moja Sentimita alitapika damu, nyeusi kama mashapo ya kahawa, akaanguka kando ya cherehani. Daktari alisema vidonge vile vimemchimba tumbo, na figo nazo zilikuwa zinaelekea kubaya. Mkewe, kwa hofu na hasira, alimgeukia dada pale kwenye benchi la hospitali, watu wote wakisikia.

"Wifi, ulikuwa unataka kuniulia mume."

Dada aliokota mkoba wake akaenda zake.

Muuguzi wa wodi ndiye aliyemweleza Sentimita kwamba maumivu hayafanani, hata kama yote yanatoa machozi. Ya kidonda kibichi yana dawa yake. Ya viungo vilivyovimba, kama magoti ya dada, yana yake. Haya ya kwake yalitoka kwenye mishipa ya fahamu iliyokatwa, ambayo bado inapeleka habari kichwani kama tarishi asiyejua kwamba watu wameshahama. Hakuwa na wazimu. Wakampa vidonge vidogo ambavyo wengine hupewa kwa ugonjwa wa huzuni, wakamwonya asitegemee nafuu ya leo wala kesho. Vilimkausha kinywa, vikamtia usingizi, lakini kidogo kidogo moto ukashuka. Haukuzimika wote. Angalau aliweza kutunga uzi kwenye sindano, akajifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto, mishono ikienda upogo.

Dada hakuonekana. Mke alituma salamu za kuomba radhi kupitia kwa jirani. Jibu likaja kwamba hakuna neno, yameisha. Lakini hakuja.

Mwishowe Sentimita alichukua magongo akaenda mwenyewe. Alimkuta dada kitandani, magoti yamejaa, hawezi kuyakunjua. Tangu siku ile ya hospitali hakuwa amemeza kidonge chochote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Dada, mkosaji ni mimi," alisema. "Vile vidonge havikunisaidia tangu siku ya kwanza. Nilikudanganya."

Dada alimtazama sana. "Sasa ulikuwa unavimeza kwa nini?"

"Ili ufurahi."

"Na mimi nilikuwa nayanyima magoti yangu," dada alisema, "ili wewe upone."

Wakalia wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Sentimita alimpeleka dada zahanati, akapewa dawa nyepesi na ya kupaka. Alikubali kumeza, kwa sharti kwamba kidonge kitoke mkononi mwa mdogo wake. Uvimbe ulipungua. Hata hivyo alikuwa amelala mno, nguvu zimemwishia, na majira ya baridi yalipofika kifua kilimbana. Alifariki akiwa amejiandaa kwenda kupimwa tena, viatu vimepangwa chini ya kitanda.

Baada ya mazishi, mke wa Sentimita alikwenda kukusanya vitu vya marehemu. Alikaa sakafuni na gauni moja mapajani, hakulikunja wala hakuliweka.

"Mimi sikumwomba radhi kwa mdomo wangu," alimwambia mumewe.

Sentimita aliegemeza magongo ukutani, akajishusha taratibu hadi chini, akakaa karibu naye, akavuta gauni jingine akaanza kulikunja.