Programu yangu iliwafuta watoto kumi na mmoja, na kikundi cha Zinga kikanifanya niseme

Wakuu, heshima zenu, mlio kazini na mlio mapumzikoni.

Kwa miezi minne, programu niliyoiandika mwenyewe ilikuwa inafuta watoto walio hai kwenye orodha ya utafiti. Haikulalamika hata mara moja. Kila asubuhi iliniandikia "imekamilika", nami nakunywa chai yangu kwa amani.

Haya yamenitokea mimi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni mtu wa Njombe, kazi ndiyo imenileta Bagamoyo. Nipo kwenye mradi unaofuatilia ukuaji wa watoto vijijini. Wapimaji wanakwenda na tablet, wanachukua uzito na urefu, data inakuja kwangu, programu yangu inaisafisha.

Mkataba unaniita "msaidizi wa data". Watu wa IT wanasema mimi ni wa utafiti. Watafiti wanasema mimi ni IT. Kwenye picha ya pamoja nasimama pembeni.

Kumbe tuko wengi. Kuanzia huku mpaka Dar kila mradi una mmoja wetu, wa mikoko, wa kilimo, wa malaria, kila mtu kajifungia na code yake.

Aliyetukusanya ni Bi Zuhura, mama mtu mzima, mzaliwa wa hapahapa. Alianza kama karani wa kuingiza data, akajifunza programu mwenyewe. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi pale Zinga, kwenye chumba cha tuition cha mdogo wake, maana ni njiani kwa wa Bagamoyo na wa Dar.

Mwanzoni tulijaa. Halafu tukapukutika.

Sababu ninaijua. Kila mtu alikuja na slaidi za mafanikio yake. Unatoka pale unaona mjinga ni wewe peke yako. Mwezi mmoja tulibaki watatu na sinia zima la vitumbua.

Bi Zuhura akasema, "Tunakuja kuonyeshana nguo za Idi. Mimi nataka nguo za kufua."

Tangu siku hiyo, mwenye zamu analeta vitafunwa na kosa lake mwenyewe. Akaanza yeye: aliwahi kufuta data ya wiki nzima, akasingizia umeme. Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Watu wakarudi.

Sasa zamu yangu inakaribia, mpimaji wa Makurunge akanipigia. Kuna mama kamsimamisha njiani: "Mtoto wa shemeji yangu mnampima kila mwezi, wangu mnampita. Kwani kawakosea nini?"

Nikafungua orodha. Mtoto hayupo. Nikapekua kumbukumbu za programu: alikuwepo, ikamfuta ikidhani ni mtoto mmoja kaandikwa mara mbili.

Nikawatafuta wa namna hiyo. Kumi na mmoja.

Wakuu, sikumwambia daktari anayeongoza mradi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi unaofuata. Nikajiambia nitawarudisha kimyakimya, hakuna atakayejua.

Jumamosi nikaandika ubaoni majina ya kubuni, maana ya kweli siruhusiwi kuyatoa. Omari Saidi Omari. Omari Hamisi Omari. Kijiji kimoja, wamezaliwa mwezi mmoja.

Nikaeleza kwamba programu inalinganisha jina la kwanza na la mwisho, la kati niliacha kwa sababu mara nyingi halijajazwa. "Bahati mbaya hawa wamefanana."

Bi Zuhura akaweka kikombe chini. "Bahati mbaya? Hao ni wajukuu wa mzee Omari, baba. Saidi kampa mwanawe jina la babake, Hamisi naye vivyo hivyo. Kwenu Njombe jina la mwisho ni la ukoo?"

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Huku ni la babu. Utafuta mpaka lini?"

Dulla, yule wa mikoko, akadakia, "Kwetu tuko Abdallah watatu. Kwa programu yako mimi nimeshazikwa!"

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka. Bi Zuhura hakucheka.

"Daktari wako anajua?"

"Bado."

"Watoto wamepimwa?"

"Bado."

"Basi hii hatuifui hapa. Jumatatu uende."

Hawakuniacha hivihivi. Mchana ule kila mtu alitoa majina ya ukoo wake tuijaribu programu. Mpaka leo kabla ya kufanya kazi inapimwa kwanza na akina Abdallah watatu wa Dulla. Ikimpoteza hata mmoja, inagoma.

Jumatatu nikaenda. Daktari alinisikiliza, akavua miwani. Kisha akasema, "Andika yote kama ulivyonieleza, nitaipeleka kwenye kamati ya maadili." Akapiga simu kuuliza gari la kuwapeleka wapimaji.

Mama wa Makurunge alipowaona wapimaji mlangoni alisema, "Kumbe njia mnaijua."

Mkataba nimeongezewa miezi sita. Bado ni msaidizi wa data.

Nilichojifunza: slaidi nzuri unaweza kumtumia mtu kwa email akazisoma kitandani. Kinachomfanya mtu apande gari Jumamosi ni kujua kuna chumba ataingia na aibu yake, atachekwa, kisha atasaidiwa na kuambiwa ukweli.

Wenye kazi kama yangu huko mikoani, nyie mnakutana wapi? Vikundi vyenu vilifia wapi? Mwageni hapa, na wa kunisema aniseme tu.

Watoto kumi wamepatikana, wanapimwa.

Wa kumi na moja familia yake ilihama katikati ya ile miezi minne. Majirani wanasema walielekea Vigwaza. Simu haipatikani. Jina lake nimelirudisha kwenye orodha, majina yote matatu, na mbele yake uzito hakuna.

Kila Jumamosi ya kwanza, kabla hajamimina chai, Bi Zuhura ananiuliza, "Yule mmoja?"

"Bado, Bi Zuhura."