Swali la Nne

Nilipokuwa najifunza ushauri nasaha, Madam aliyenisimamia alianza kila kikao kwa methali moja: mficha uchi hazai. Tumweleze makosa yetu yote, alisema. Kikao kikiisha alitupa fomu ya kuonyesha kama tumeridhika na usimamizi wake. Swali la nne liliuliza kama tuko huru kumwambia tulipokosea. Jibu lilikuwa namba, moja hadi tano, tano ikiwa ndiyo kabisa. Tulijaza mbele yake, naye ameshika kalamu ya kusainia masaa yetu ya mazoezi, na bila masaa hayo hupati cheti. Mwendawazimu gani angezungushia moja? Nilizungushia tano kila wiki, na kila wiki nilitoka pale nimekasirika.

Nilikuwa na mteja mmoja, mama wa Kawangware. Alikuja kituoni kwetu Makina, Kibera, kwa makusudi, kwa sababu huku hakuna aliyemjua. Mumewe alikuwa akimpiga, na hakutaka watu wa mume wajue kwamba ameanza kusema. Wiki tatu alilia tu. Ya nne akaongea.

Ya tano hakufika. Mimi pia naishi Kawangware, na Jumamosi hiyo nikamkuta kwenye kibanda cha mboga. Nilikuwa na wasiwasi naye, mdomo ukanitangulia.

"Sasa, dada! Mbona Tuesday hukukuja?"

Muuza mboga akaacha kukata sukuma. "Kukuja wapi?"

"Huyu amenifananisha," mteja wangu akasema, akaondoka bila mboga zake. Muuza mboga akaniangalia juu mpaka chini. "Huyo ni bibi ya bro yangu. Wewe unamjulia wapi?"

Somo la kwanza kabisa tulilofundishwa ni hilo: ukimkuta mteja njiani, pita kama humjui mpaka akusalimie yeye.

Hakurudi tena. Madam alipouliza amepotelea wapi, nilijibu, "Nadhani hakuwa tayari." Akaandika hivyo hivyo kwenye faili, kana kwamba kosa ni la yule mama. Nikajikaza kisabuni, nikazungushia tano.

Siku masaa yangu yalipokamilika, karatasi ikiwa imesainiwa na iko ndani ya mkoba, akanisogezea fomu ya mwisho. Swali la nne nikazungushia moja.

"Umekosea hapa," akasema.

"Sijakosea, Madam." Nikamweleza yote, tangu kibandani. Nilitaka anifokee. Hakufoka.

"Ungeniambia wiki hiyo, tungempatia mtu mwingine wa kumsikiliza. Mbona ulininyamazia?"

Niliitazama kalamu yake. Naye akaitazama, akaiweka chini. Kisha akafungua faili, akapiga namba ya yule mama.

Ikapokewa na mwanamume. Akauliza kwa ukali ni nani anamtafuta bibi yake.

Madam akakata simu. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu siku ile ya kibandani.