Nyoka wa Kitandani

Nilipofanya kazi ya bustani kwa mzungu mmoja pale Eldoret, nilizoea kunywa chai kwa mkamuaji wake wa ng'ombe, Mnandi kwa kabila, na mkewe. Asubuhi moja nyoka mweusi alitoka kwenye maua ya bustani, akaingia ndani na kupanda kitandani kwao. Nikainua panga.

“Weka chini, wewe! Utaua mzee wa watu?” yule mama akanikaripia. “Huyo ni marehemu babu, amekuja kutuona.”

Akamwaga maziwa sakafuni kumkirimu mgeni. Nyoka akashuka, akapita karibu na vidole vya miguu yangu. Kisha akarudi zake bustanini.

Kesho yake mzungu alinituma kupalilia maua yale yale. Nilisimama pembeni na jembe langu, nikaita, “Hodi, Mzee!”