Fundi Sikio aukumbuka mkono wa mdogo wake

Fundi Sikio amelala chali chini ya gari dogo jeupe, kiganja chake kimeshika kiungo kilicho nyuma ya gurudumu la mbele. Juu, kwenye kiti cha dereva, mkewe anazungusha usukani kushoto, kisha kulia, huku akilalamika kwamba mboga zake zitaungua jikoni.

"Taratibu, mama. Hapo hapo. Rudisha," anasema fundi.

Kong. Ndiyo sauti iliyomleta mwenye gari asubuhi hii. Kila akipita kwenye tuta, gari linagonga mbele kama mtu anayebisha hodi kwa hasira.

Jina la Sikio alipewa na wateja. Zamani gari lilikuwa likiingia getini tu, yeye ameshataja ugonjwa wake, wala hajainama. Watu walizipenda mbwembwe hizo. Shida ni kwamba sauti husafiri ndani ya chuma, ikaanzia huku na kusikika kule. Sikio hudanganyika. Kiganja ni vigumu kukidanganya, maana kiungo kilicholegea huruka chini ya vidole.

Zamani kazi hiyo ya kiganja ilikuwa ya mdogo wake. Kwa miaka mingi kaka alishika usukani, mdogo akalala chini, na gereji ilipokea magari sita kwa siku. Leo yakifika mawili, fundi anashukuru. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Walikosana kwa sababu ya teksi moja. Kaka alisikiliza, akasema shokapu zimekufa. Mdogo, akiwa bado chini, akasema ni bushi, ule mpira mdogo unaoshika mkono wa gurudumu. Kaka akamjibu mbele ya wateja kwamba mikono yake ni ya kukandia unga. Shokapu mpya zikafungwa. Kesho yake teksi ikarudi, inagonga vile vile.

Mdogo alilala chini, akabadilisha bushi, kelele ikaisha. Mwenye teksi akamkumbatia kaka mtu, akidhani ndiye aliyegundua, akalisifu sikio lake. Kaka mtu akapokea sifa, akacheka.

"Shemeji yangu hakuondoka kwa kukosa kazi," anasema mke, mikono ingali kwenye usukani. "Aliondoka kwa kukosa asante. Na wewe ndiye mkubwa. Ukubwa jalala, ungeimeza hiyo aibu yakaisha."

Fundi anajibu kutoka chini ya gari kwamba majuto ni mjukuu, na huyu wake ameshaota ndevu.

Mdogo sasa ana gereji yake upande wa pili wa mji. Wakikutana ni msibani, na ni salamu tu. Mara mbili fundi amefika karibu na geti lake, akageuza. Anaona haya, wala hafichi.

Nyuma ya gereji imeegeshwa pikapu yake, nayo inagonga mbele tangu mwezi uliopita. Wateja humtania kuwa mganga hajigangi. Ukweli ni kwamba hajaigusa kwa makusudi.

"Jumapili nampelekea," anasema, akijifuta grisi. "Mimi nitakaa kwenye usukani, yeye alale chini. Atakachosema ndicho tutakachobadilisha."

Mkewe anamuuliza, je, mdogo mtu akikosea?

"Basi nitamwambia asante," anasema fundi, "na nitarudi nayo nyumbani inagonga."