Kamba Juu ya Jina

Dobi aliyeitwa Bibi Pasi alikuwa na vitu viwili ambavyo hakumkopesha mtu: sindano yake na neno la mwisho. Shule aliiona kwa nje tu, akapita. Lakini miaka arobaini ilipita bila shati la chumbani kwake kwenda kwa mtu asiye mwenyewe, maana ndani ya kola ya kila nguo alishona alama ya mwenyewe. Mkunga alikuwa na mwezi. Mpaka rangi alikuwa na brashi. Mwalimu wa hesabu alikuwa na jogoo, na bahati nzuri hakuwahi kuuliza kwa nini.

Balaa lilianza na makoti meupe. Ng'ambo ya barabara walipanga wageni wawili, mlango kwa mlango. Mmoja alitoka Asamu, nchi ya mashamba ya chai, kazi yake kuonja chai kwenye ghala, anavuta funda, anatema. Wa pili alikuwa Mchina, anatengeneza meno ya bandia. Wote wawili walivaa makoti ya kazi kutoka duka moja, kipimo kimoja, na alama walikuwa bado hawajapewa. Binti wa Bibi Pasi, ambaye ndiye aliyekuwa akikunja na kugawa, akayachanganya. Fundi Meno akaenda kazini na koti lenye doa la chai ambalo hata Bibi Pasi hakuliweza, na wateja wake wakalitazama doa lile huku wamefumba midomo.

"Mama, tuweke lebo za namba," binti akasema. "Kila mteja na namba yake, tumemaliza."

"Namba ni ya mfungwa. Mteja ana jina."

"Majina yao utayashonaje? Hata la kwako unaliandika kwa kutoa ulimi."

Hapo alimgusa penyewe. Bibi Pasi akaweka pasi chini. "Nitayashona kwa lugha zao. Nikikosea moja, sindano naifungia kabatini, ufunguo nakupa wewe, na namba zako nazipokea kwa mikono miwili."

Binti akacheka hadi akakaa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Bibi Pasi si mtu wa kulamba mate yake.

Jumamosi wageni wakaja, wakaketi kwenye benchi. "Shikamoo, bibi," wakasema pamoja, wa chai akikwaruza koo, wa meno akipandisha na kushusha sauti kama mtu apandaye na kushuka ngazi.

"Marahaba. Leo nataka kuzijua lugha zenu. Dada wa baba mnamwitaje?"

"Pehi," akasema Mwonja Chai.

"Gugu," akasema Fundi Meno.

"Na mdogo wake mama, ndiye huyo huyo?"

Wote wakatikisa kichwa. Huyo ana jina lake mbali.

"Basi ni watu wa adabu," Bibi Pasi akamwambia binti. "Anayejua shangazi si mama mdogo, huyo kafunzwa nyumbani."

Akaendelea kuwachimba. Akagundua kwamba wote wawili, wakihesabu vitu, hupachika kaneno katikati kuonyesha kitu ni cha namna gani, kibapa au kirefu, kama sisi tusemavyo vipande vitatu vya sabuni. Ila Mchina neno lile lile akilipandisha au kulishusha linageuka jingine, na Mwasamu hana habari na ngazi hizo, yeye ana kile kikwaruzo cha kooni kama mwanzo wa *kheri*.

"Haya, niandikieni."

Mwonja Chai akaandika, herufi zote zikining'inia chini ya mstari mmoja. Bibi Pasi akatabasamu. "Hii ni kamba ya nguo! Natia kamba, naanika herufi."

"Lakini bibi, mimi mstari nauvuta mwisho."

"Nani anaanika kabla ya kufunga kamba? Haya, na mwenzio, nione."

Fundi Meno akachukua kikaratasi cha mraba, akaandika ukoo wake kwa alama moja tu: kisanduku na vijiti viwili. Bibi Pasi akakitia kwenye kopo la vifungo. Jambo dogo hilo!

Siku tatu akashona, makoti sita sita, juu ya mfuko wa kifua ili kila mtu aone. Mwonja Chai alipochukua yake alilisoma jina lake kwa sauti, mara mbili. Fundi Meno yeye alilitazama koti, akainamisha shingo upande, akaendelea kuinamisha.

"Bibi, hivi vijiti..."

"Pembe zako hizo. Nzuri, sivyo?"

"Ni miguu, bibi."

Kikaratasi kile kilikuwa mraba, bila kamba ya kumwonyesha juu ni wapi. Makoti sita, ukoo mzima kichwa chini. Binti, nyuma ya pazia, aliacha kukunja.

"Nimekishona kwa ajili ya mvaaji," Bibi Pasi akasema, kidevu juu. "Vaa, kisha tazama chini. Kimekaa sawa au hakijakaa?"

Fundi Meno akavaa, akatazama kifuani kwake. "Kimekaa sawa," akakiri, akaondoka akicheka.

Lakini moyo haudanganywi kwa maneno ya kinywa. Kesho yake asubuhi Bibi Pasi alikwenda ng'ambo, akayarudisha makoti yote sita, akafumua uzi mmoja mmoja. Kisha akafunga sindano kabatini, akamtupia binti ufunguo. "Namba zako ziko wapi?"

Binti akazibandika lebo za namba kwenye kola kwa pasi, nguo hamsini, akiimba. Bibi Pasi akafua na kuanika kama anavyoanika siku zote, pindo juu, kola chini. Jioni binti akapita kwenye kamba akisoma na kugawa. Mwalimu wa hesabu akafika nyumbani, akafungua furushi, akakuta gauni la mkunga. Akarudi nalo mbio mbio, sura kama ya jogoo wake.

"Mkunga ni sita, mwalimu ni tisa!" binti akapiga kelele. "Nimesoma mwenyewe, hii hapa ni tisa..." Akaligeuza gauni. Akaligeuza tena. "Au sita?"

Bibi Pasi akachukua shati jingine, akaendelea kupiga pasi.

"Mama, sema basi."

"Niseme nini? Mwenye ufunguo ndiye msemaji."

Binti akauweka ufunguo juu ya ubao wa pasi.

Wiki ile nguo zote zikapata mstari wa uzi mwekundu, juu ya jina, juu ya mwezi, juu ya brashi, hata juu ya jogoo. Fundi Meno akaja kuchukua makoti yake, miguu sasa iko chini, kamba iko juu.

"Bibi, Kichina hakina mstari huu."

"Kwenu hakina. Kwa dobi kinao."

"Jirani," akasema Mwonja Chai kutoka kwenye benchi, "umeshakuwa Mwasamu."

"Kaa kimya nawe," Bibi Pasi akamwambia, akilamba uzi autie kwenye tundu la sindano. "Mstari wenyewe unauvuta mwisho."